Meli zilezile, lugha mbili

Mwaka 1877 serikali ya Kiosmani ilichapa mjini Istanbul kitabu cha fikihi chenye kurasa zaidi ya 300, kiitwacho Bayan al-Din. Herufi zake ni za Kiarabu tangu mwanzo hadi mwisho, na zimetiwa irabu kama juzuu ya mtoto wa chuoni. Mwarabu akikifungua ataanza vizuri, kisha atafika mahali ambapo kila herufi anaijua na kila neno linamshinda. Mturuki naye atakwama hapohapo. Atakayeendelea bila taabu, mara tu atakaposomewa kwa sauti, ni mtu wa Cape Town, kwa sababu lugha iliyofichwa ndani ya herufi hizo ni Kiafrikana.

Mwandishi wake, Abu Bakr Effendi, alikuwa mwanazuoni wa Kikurdi. Waislamu wa Rasi ya Tumaini Jema walikuwa wameomba mwalimu, ombi lao likapitia kwa serikali ya Uingereza hadi kwa Sultani Abdulaziz, naye akamtuma Effendi, aliyefika Cape Town mwanzoni mwa 1863. Lugha ya watu wa pale hakuijua. Alijifunza kwa kuisikia, na kwa kuwa aliandika alichokisikia, irabu zake zimetuhifadhia matamshi ya watu ambao magazeti ya wakati huo hayakujali kabisa jinsi walivyosema.

Kwa wengi wa Afrika Mashariki, Kiafrikana ni lugha ya makaburu. Haikuwa bila sababu. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana kupinga amri ya kufundishwa baadhi ya masomo kwa lugha hiyo, na polisi wakawapiga risasi. Picha za siku ile zilizunguka dunia na kukaa mioyoni mwa watu. Lakini makaburu waliitwaa lugha hiyo wakati ilikwisha kuwa na wenyewe wengine: watumwa, watoto wa watumwa, Wakhoikhoi walionyang'anywa malisho, na masheikh waliopelekwa uhamishoni kutoka visiwa vya mbali. Habari zao haziwezi kusimuliwa bila kukitaja Kimalei. Na Kimalei chenyewe, ukikiweka kando ya Kiafrikana, kinaonyesha jambo la kustaajabisha: kampuni moja ya Kiholanzi, kwa meli zilezile na katika karne ileile, ilishindwa kukieneza Kiholanzi upande mmoja wa bahari, na upande wa pili ikakipoteza mikononi mwa watu iliowamiliki.

Kinasaba lugha hizi hazihusiani kabisa. Kiafrikana kimo katika ukoo wa Kiholanzi, Kijerumani na Kiingereza. Kimalei ni cha ukoo wa Kiaustronesia, ambao asili yake ya mbali wataalamu wengi wanaiweka Taiwan, na ambao matawi yake yameenea kutoka Madagaska hadi Kisiwa cha Pasaka. Kwa umri pia haziko rika moja. Kimalei kilikuwa kimeandikwa kwa karibu miaka 1,000 kabla Mholanzi wa kwanza hajajenga ngome chini ya Mlima wa Meza.

Ushahidi wa kale zaidi wenye tarehe ni jiwe dogo la mviringo lililopatikana mwaka 1920 Kedukan Bukit, karibu na Palembang, kusini mwa Sumatra. Maandishi yake ni ya mtindo wa Pallava uliotoka India Kusini, na mwaka uliochongwa juu yake unalingana na 682. Linasimulia safari ya kiongozi aitwaye Dapunta Hyang, aliyeondoka na jeshi la watu 20,000, wengine majini na wengine kwa miguu, akapata ushindi. Dola iliyozaliwa hapo ni Srivijaya, iliyoshika mlango wa bahari wa Malaka na kutoza ushuru meli zilizopita kati ya India na China. Mtawa wa Kichina Yijing alishuka huko mwaka 671 akielekea India, akakaa miezi sita akisoma sarufi ya Kisanskriti. Mji ambao mgeni anashuka ili ajifunze sarufi ya lugha ya tatu haukuwa kijiji cha wavuvi.

Hata hivyo Kimalei hakikuzaliwa Palembang. Wanaisimu wengi wanaofuatilia nyayo zake huishia Borneo Magharibi. Kutoka kisiwa hichohicho cha Borneo, lakini pande za kusini-mashariki, ndiko walikotoka watu waliovuka bahari yetu hii ya Hindi wakafika Madagaska: Kimalagasi ni ndugu wa karibu wa Kimaanyan, kinachosemwa pande za mto Barito. Undugu huo utakuja kuonekana tena Rasi, katika hali ya majonzi.

Kimalei kilienea kwa sababu watu walikihitaji bandarini. Bamba la shaba lililopatikana mwaka 1989 Laguna, nchini Ufilipino, lenye tarehe ya mwaka 900, limeandikwa kwa Kimalei cha Kale kilichochanganyika na lugha nyingine, na jambo linalotangazwa ndani yake ni kwamba watu fulani wamesamehewa deni. Penye deni, bei, nanga na ushuru, palikuwa na Kimalei. Kila mgeni aliyekuja kuuza aliacha kitu. Kisanskriti kiliacha raja na guru, hata neno bahasa lenyewe, yaani lugha. Waislamu walipokuja, Kiarabu kikaacha kitab, dunia, hukum na waktu. Jiwe la Terengganu, katika Malesia ya leo, lenye tarehe ya mwaka 702 wa Hijria ambao ni 1303, tayari limeandikwa Kimalei kwa herufi za Kiarabu zilizoongezewa alama kwa sauti ambazo Kiarabu hakina. Hati hiyo huitwa Jawi, na wenye kujua hati za tenzi za Lamu na Pate hawatashangaa, kwa maana waandishi wa huko nao walikabili shida ileile ya kuandika p na ch.

Mreno aliuteka mji wa Melaka mwaka 1511. Kwake Kimalei kilichukua meja na bendera. Pamoja na hayo kilikuwa na nakhoda na bandar kutoka Uajemi. Msomaji wa Kiswahili ameshatambua kwamba maneno haya anayo nyumbani mwake, kwa njia ileile na kutoka kwa mabaharia walewale au ndugu zao.

Waholanzi walifika wakakuta soko limekwisha kupangwa na lugha ya soko imekwisha kuchaguliwa. Frederick de Houtman, aliyefungwa Aceh mwaka 1599 baada ya kaka yake Cornelis kuuawa huko, aliutumia muda wa kifungo kujifunza Kimalei. Mwaka 1603 alichapisha Amsterdam kitabu cha mazungumzo na msamiati wa Kimalei na, jambo la kupendeza, wa Kimalagasi pia. Mwaka mmoja tu kabla yake ilikuwa imeanzishwa Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki, maarufu kwa herufi VOC. Mwaka 1619 Kampuni iliuteka mji wa Jayakarta, ikauita Batavia. Mwaka 1641 ikawapokonya Wareno Melaka.

Kampuni ilitaka sana Kiholanzi kiwe lugha ya Batavia, mji wake mpya. Haikuwezekana. Watoto wa maofisa walilelewa na watumwa, wakakua wakisema Kireno kilichovunjika cha watumwa hao, na baadaye Kimalei. Wahubiri walisalimu amri mapema: Injili ya Mathayo kwa Kimalei, kazi ya Albert Ruyl, ilichapwa mwaka 1629, na Biblia nzima kwa lugha hiyo ikakamilika 1733. Utawala wa Kiholanzi katika visiwa vile, wa Kampuni na kisha wa serikali, ulidumu miaka zaidi ya 300. Sensa ya mwaka 1930 ilipofanywa, wenyeji waliojua kuandika Kiholanzi hawakufika mtu mmoja katika kila mia.

Sasa tazama Rasi.

Jan van Riebeeck alitia nanga Aprili 1652. Kampuni haikutaka koloni. Ilitaka bustani ya mboga, maji safi na nyama kwa meli zake za Batavia. Wakhoikhoi aliowakuta hawakuwa wageni wa mambo ya bahari. Autshumao, aliyekuwa mkalimani wake wa mwanzo, alikwisha chukuliwa na Waingereza karibu na mwaka 1631 hadi Banten, kisiwani Java, na kurudishwa. Ndiyo kusema mkalimani wa kwanza wa Rasi alikuwa ameikanyaga nchi ya Kimalei kabla bosi wake mpya hajaiona Afrika Kusini. Baada yake alikuja Krotoa, binti aliyechukuliwa akiwa mdogo akalelewa nyumbani kwa Van Riebeeck na kuitwa Eva. Alijua Kiholanzi na Kireno, akabatizwa, akaolewa na tabibu mzungu, na mwishowe akafa mwaka 1674 baada ya kufungwa mara kadhaa katika Kisiwa cha Robben. Kila mtafiti wa asili ya Kiafrikana huanza na msichana huyu, kwa sababu ndani ya nyumba ile Kikhoikhoi na Kiholanzi vilikutana katika kinywa kimoja, kila siku, kwa miaka.

Kisha wakaletwa watumwa. Mwaka 1658 ziliingia meli mbili, Amersfoort ikiwa na watu wa Angola walioporwa kutoka kwa Wareno, wengi wao watoto, na Hasselt kutoka pwani ya Guinea. Aprili mwaka huohuo Van Riebeeck alifungua shule ya kuwafundisha Kiholanzi na sala. Ili wasitoroke darasa, kila mmoja alipewa bilauri ya pombe kali na kipande cha tumbaku baada ya somo. Hiyo ndiyo shule ya kwanza ya kikoloni Afrika Kusini.

Hadi biashara ya watumwa ilipopigwa marufuku mwaka 1808, waliopelekwa Rasi wanakadiriwa kuwa karibu 63,000. Walitoka Madagaska na Msumbiji, Bengali na Malabar, Sulawesi, Java, Bali na visiwa vingine. Katika Jumba la Watumwa la Kampuni, lililojengwa 1679 na ambalo bado limesimama katikati ya Cape Town, walilala pamoja watu wasioelewana. Lugha zilizowapatanisha ni Kireno cha watumwa na Kimalei. Mmalagasi aliyefungwa minyororo pamoja na mtu wa Bugis hakuwa na sababu ya kujua kwamba lugha zao ni za ukoo mmoja, zilizoachana zaidi ya miaka 1,000 nyuma. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na pengine ilimrahisishia kujifunza Kimalei.

Mabwana nao walisikia lugha yao ikigeuka. Kamishna Hendrik van Rheede alipokagua Rasi mwaka 1685 aliandika kwamba watu wa Kampuni wana mazoea ya kuiga jinsi wenyeji wanavyokisema Kiholanzi kwa kukipinda, na kwamba kwa njia hiyo inaanza kusimama lugha iliyovunjika ambayo baadaye haitawezekana kuishinda. Ni maneno ya mtu aliyekasirika, lakini hakuna aliyewahi kueleza vizuri zaidi jinsi lugha inavyozaliwa. Mabadiliko hayakusubiri watoto wa walowezi wakae mbali mashambani wasahau sarufi ya babu zao. Yalianza mapema, mjini, kwa wazungu kuwafuata watu weusi.

Kwa nini basi Rasi haikuwa Batavia ya pili? Sababu kubwa ni kwamba haikuwapo lugha moja kubwa ya biashara iliyokwisha jikita, na wenyeji walipigwa pigo kali. Mwaka 1713 nguo chafu za meli iliyorudi kutoka India zilipelekwa kufuliwa katika Jumba la Watumwa, na ndani yake mlikuwa na ndui. Ugonjwa uliwaua watumwa na wazungu, ukawamaliza Wakhoikhoi wa karibu na mji kiasi kwamba jamii zao hazikuinuka tena. Waliobaki waliingia mashambani kama vibarua, wakachunga kondoo pamoja na watumwa. Kiholanzi ndicho kilichokuwa cha aliyetoa amri, hivyo kila mtu alikishika. Lakini wengi wa walioshika walikishika ukubwani, kwa sikio, bila mwalimu. Tangu mwanzo wa karne ya 18 watumwa walikuwa wengi kuliko raia huru.

Matokeo yake yanasikika hadi leo katika shukrani ya kawaida kabisa: baie dankie. Dankie ni Kiholanzi. Baie, yaani sana au nyingi, ni banyak ya Kimalei. Mkulima mweupe wa Free State ambaye hajawahi kuwaza habari za Java anaitumia mara hamsini kwa siku. Koti analiita baadjie kutoka baju, kisahani cha kikombe ni piering kutoka piring, na ndizi ni piesang kutoka pisang. Mishikaki yake ni sosatie, pembeni pana atjar, ambayo sisi huiita achari, na blatjang, ambayo kwa Wamalei ni uduvi uliochachushwa na Rasi ikageuka kuwa chatne ya matunda. Jela kwake ni tronk, kutoka Kireno, lugha ya waliofungwa humo. Mdudu ni gogga na fimbo ni kierie, kutoka kwa Wakhoikhoi. Vyakula na nguo kutoka kwa aliyepika na kushona, wadudu na mimea kutoka kwa aliyeijua nchi.

Maneno ya kukopa, hata hivyo, hayathibitishi mengi. Kiingereza kimejaa Kifaransa na bado si Kifaransa. Ugomvi wa kweli uko kwenye sarufi, na umekuwa mkali kwa zaidi ya karne moja.

Kiholanzi husema ik ben, jij bent, hij is. Kiafrikana husema ek is, jy is, hy is, na vivyo hivyo kwa nafsi zote. Ngeli za Kiholanzi zimetoweka. Kanushi huja mara mbili, nie mwanzo na nie mwisho. Kuna pia kurudufu: gou-gou, ambayo ni haraka haraka yetu, jinsi Wamalei wanavyosema cepat-cepat, mtindo ambao Kiholanzi cha Ulaya hakiujui kwa wingi huo. Na mtendwa akiwa mtu, Kiafrikana humtangulizia kijineno vir: nimemwona yeye si sawa na nimeona jiwe. Msemaji wa Kiswahili anayeona tofauti ya kuona kitu na kumwona mtu ataielewa mara moja.

Mwaka 1899 msomi wa Leiden, D. C. Hesseling, alichapisha hoja kwamba Kiholanzi cha Rasi kilikuwa njiani kugeuka krioli kwa sababu ya Kireno na Kimalei cha watumwa, kisha kikasimama nusu ya njia. Wasomi wa Kiafrikana waliomfuata, D. B. Bosman akiwa mstari wa mbele, waliikataa. Walitaka lugha iliyokua yenyewe kutoka Kiholanzi, kwa nguvu zake, ndani ya nyumba za wazungu. Marius Valkhoff wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand alilifufua suala hilo mwaka 1966, ubaguzi ukiwa umepamba moto, na hakupongezwa. Baadaye Hans den Besten wa Amsterdam alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuonyesha alama za Kikhoikhoi na Kimalei, ikiwamo hoja yake kwamba ile nie ya pili ina mkono wa Wakhoikhoi. Wapo wanaoirudisha kwenye lahaja za Uholanzi.

Tahadhari inahitajika. Kimalei nacho hakina minyambuliko ya nafsi, lakini hilo peke yake halifanyi ek is iwe ya Kimalei. Watu wazima wanaojifunza lugha ngeni popote duniani huacha viambishi vinavyowasumbua. Kisichotetereka ni kwamba waliojifunza hivyo, na ambao lahaja yao ikawa ya kawaida, hawakuwa wazungu peke yao, wala wazungu hawakuwa walimu.

Kimalei kilibaki Rasi kwa njia nyingine pia, na hii ndiyo iliyotufikisha kwenye kitabu cha Istanbul. Kampuni ilitumia Rasi kama gereza la wakubwa wa visiwani walioipinga. Sheikh Yusuf wa Makassar, aliyezaliwa 1626 na kupigana dhidi yake huko Banten, alipelekwa Ceylon, kisha akashushwa Rasi mwaka 1694 pamoja na wafuasi na jamaa 49. Aliwekwa shamba la Zandvliet, mbali na mji, ili asisikike. Watumwa watoro walimfuata hukohuko. Mahali pale panaitwa Macassar hadi sasa, na kaburi lake ni moja ya makaburi ya mawalii yanayouzunguka mji, ambayo watu huyaita kramat, neno la Kimalei lenye mzizi mmoja na karama yetu.

Karibu karne moja baadaye, mwaka 1780, aliletwa Imam Abdullah ibn Kadhi Abdus Salaam, mwana wa ukoo wa kifalme wa Tidore. Watu walimwita Tuan Guru, bwana mwalimu. Akiwa mfungwa katika Kisiwa cha Robben aliandika Kurani kwa kumbukumbu, na kitabu cha akida kwa Kiarabu chenye tafsiri ya Kimalei. Alipoachiwa alifungua madrasa katika mtaa wa Dorp mwaka 1793, ambako watoto wa watumwa na wa watu weusi huru walisoma pamoja, wakinakili masomo katika daftari ili wayahifadhi kichwani. Lugha ya darasa ilikuwa Kimalei.

Kimalei hakikudumu. Kufikia katikati ya karne ya 19 watoto walikuwa wakisema Kiafrikana nyumbani, na walimu wakahamia huko. Lakini hawakuhama mikono mitupu. Mbinu ya kuandika lugha isiyo ya Kiarabu kwa herufi za Kiarabu, waliyoizoea katika Jawi, waliigeuzia Kiafrikana. Achmat Davids, aliyezaliwa na kukulia katika jamii hiyo, alikusanya na kuchambua maandishi haya. Zinajulikana kazi zaidi ya 70, zilizoandikwa kati ya karne ya 19 na miaka ya 1950, na Bayan al-Din ndiyo maarufu zaidi. Effendi mwenyewe hakuishi kwa amani na wenyeji wake: alikuwa mfuasi wa Hanafi, wao ni Shafii kama Waislamu wengi wa pwani yetu, na alipotangaza kwamba kambakoche ni haramu aligusa chakula cha kila siku cha watu wa bahari. Mzozo ulikuwa mkubwa. Lakini lugha yao aliiheshimu vya kutosha kuiandikia kitabu, wakati wazungu wenyewe walikuwa wakiiita lugha ya jikoni.

Katika mitaa ya Waislamu wa Cape Town maneno ya darasa la Tuan Guru hayajafa. Asante ni tramakasie, kutoka terima kasih. Tafadhali ni kanala, iliyofupishwa kutoka karena Allah, yaani kwa ajili ya Mungu. Mfungo ni poewasa na Idi ni labarang. Mtaa wa District Six, ambao serikali ya ubaguzi iliutangaza kuwa wa wazungu mwaka 1966 na kuwafukuza watu zaidi ya 60,000, wenyewe waliupa jina la utani Kanaladorp, mji wa tafadhali, mji wa kusaidiana.

Miaka miwili kabla ya kitabu cha Effendi kuchapwa, tarehe 14 Agosti 1875, wanaume wanane walikutana mjini Paarl, mwendo mfupi kutoka Cape Town, wakaunda chama cha Waafrikana wa kweli. Kiongozi wao alikuwa mchungaji S. J. du Toit. Januari 1876 walitoa gazeti lao, Die Afrikaanse Patriot. Shule nyingi zilifundisha kwamba maandishi ya Kiafrikana yalianzia hapo. Mwaka 1925 Bunge la Muungano wa Afrika Kusini likakifanya lugha rasmi, na 1933 ikatoka Biblia nzima. Katika miaka 50 lugha ya jikoni ilikuwa imepata bunge, kanisa na chuo kikuu. Waliopika jikoni humo hawakualikwa.

Mkutano kama ule wa Paarl ulifanyika Batavia, kwa moyo tofauti. Tarehe 28 Oktoba 1928 vijana kutoka visiwa mbalimbali walimaliza mkutano wao kwa kiapo: nchi moja, taifa moja, na lugha ya umoja, Kiindonesia. Jina lilikuwa jipya. Lugha ilikuwa ni ile ya jiwe la Palembang na ya bandari zote. Wengi wa vijana wale walisoma kwa Kiholanzi, na kabila kubwa kuliko yote lilikuwa la Wajava. Bado hawakuchagua Kijava, ambacho kina ngazi za usemi zinazomlazimu mtu kupima cheo cha anayesema naye kila afunguapo mdomo. Walichagua lugha ambayo kwa wengi wao ilikuwa ya pili, kama Tanganyika ilivyoshika Kiswahili na kukiacha Kisukuma chenye wenyewe wengi zaidi. Wajapani walipoingia 1942 walipiga Kiholanzi marufuku, na nafasi yake ikajazwa bila mtikisiko. Mwaka 1972 Indonesia na Malesia zikakubaliana tahajia moja.

Kiholanzi hakikuondoka bila alama. Kiindonesia kina kantor kwa ofisi na handuk kwa taulo. Kiafrikana kina kantoor na handdoek. Karakana ya magari Jakarta ni bengkel na duka Cape Town ni winkel, neno moja la Kiholanzi lililotua bandari mbili za Kampuni na kupata kazi mbili.

Tofauti kubwa kati ya Paarl na Batavia ni juu ya nani alihesabiwa. Kiapo cha 1928 kilimwita kila aliyekuwa tayari kuisema lugha, awe Mminangkabau, Mbatak au Mjava. Chama cha Paarl na warithi wake waliwahesabu weupe tu, ingawa wasemaji walikuwa wa rangi zote. Gharama yake ililipwa Soweto, na lugha yenyewe inaendelea kuilipa. Sensa ya mwaka 2011 iliwahesabu Waafrika Kusini karibu milioni 6.9 ambao Kiafrikana ni lugha yao ya kwanza, na weupe miongoni mwao hawakufika nusu.

Juu ya kilima mjini Paarl umesimama mnara wa lugha, uliozinduliwa Oktoba 1975, kazi ya msanifu Jan van Wijk. Mnara mrefu unachoma mawingu, na nguzo zinazoshuka upande mmoja zinasimamia Ulaya. Vichuguu vitatu vya mviringo vinasimamia lugha za Afrika. Kimalei nacho kimepewa sehemu: ukuta mfupi, kati ya Ulaya na Afrika.

Kazi inayoendelea sasa iko Bellville, katika Chuo Kikuu cha Western Cape. Mwaka 2021 ulizinduliwa huko mradi wa kamusi ya lugha tatu, yaani Kiingereza, Kiafrikana sanifu na Kaaps, lahaja ya mitaa ya Cape Town ambayo kwa miaka mingi watoto walichapwa na kuchekwa kwa kuisema shuleni. Mshairi Adam Small aliiandikia tamthilia na mashairi tangu enzi za ubaguzi, wasomi wengi wakaiona kuwa ni kichekesho tu. Watunga kamusi wanafanya kazi pamoja na wanamuziki wa hip-hop wa mitaani, na wanaandika maneno jinsi wasemaji wanavyoyatamka.